MZEE KLEIST SYKES NA UKOO WAKE ULIOTOKA INHAMBANE

Kurasa zilizopita mmesoma jinsi tulivyoanza tukiwa wachache chini ya mkorosho, mmesoma habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii, na mmeona picha za akina mama waliojenga nyumba za bati. Ukurasa huu ni tofauti kidogo. Tumeweka habari za maisha ya mzee mmoja aliyefariki zamani, mwaka 1949, huko Dar es Salaam. Jina lake Kleist Sykes. Wengi mtajiuliza, mzee huyo na akina mama wa Mpapura wapi na wapi? Tutasema ukweli, maana wanachama wanaujua na kuuficha hakusaidii.

Kwenye uchaguzi wetu uliopita tulimchagua mweka hazina ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vile vilivyoanza mwaka 1964. Yeye kazaliwa hapa, kasoma hapa, kaolewa hapa, na mikorosho yake iko hapa. Kura alipata nyingi, wala hakuna aliyebisha siku ile. Kesho yake maneno yakaanza kisimani, eti mtu wa kuja hapewi fedha za watu, eti kwao ni ng'ambo na siku moja atavuka nazo. Kisanduku chetu kina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu, hata kukifungua peke yake hawezi. Lakini maneno hayana kufuli. Mwenzetu alilia, akaleta barua ya kujiuzulu. Tulikaa vikao viwili na jambo halikuisha, ila lilizidi, maana wengine walianza kuhesabiana mabibi.

Kikao cha tatu alikuja mwalimu mmoja mstaafu ambaye hutusaidia mahesabu ya mwisho wa mwaka. Badala ya kutuhubiria, alituomba tunyamaze atusimulie habari za Meya mmoja wa Jiji la Dar es Salaam na babu yake. Tulinyamaza. Tulipomaliza kusikiliza jua lilikuwa limezama na hakuna aliyekumbuka kupika. Habari yenyewe ndiyo hii tunayoiandika, kwa maneno yetu wenyewe, ili na wasiokuwepo waipate.

Meya huyo aliitwa Kleist Abdulwahid Sykes. Alikuwa Meya wa Jiji miaka ya mwanzo ya 2000, na alifariki mwaka 2017. Jina la Kleist alirithi kwa babu yake mzaa baba. Na huyo babu ndiye tunayemsema. Lakini ili tumjue babu inabidi tupande juu zaidi, kwa baba yake, aliyeitwa Sykes Mbuwane.

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kuwapinga Wajerumani waliotaka kutawala miji yao kwa nguvu. Aliyevuma zaidi ni Abushiri bin Salim wa Pangani. Kampuni ya Wajerumani ilishindwa kuwazuia, ndipo serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann Wissmann akiwa na askari wa kukodi. Wengi walikuwa Wasudani aliowachukua Misri. Wengine aliwatoa Msumbiji, sehemu za Inhambane. Wanachama wasifikiri Inhambane ni hapo ng'ambo ya mto, kwa ndugu zetu wa Palma na Mueda. Hapana. Ni kusini kabisa, unakaribia Maputo, mbali kuliko Dar es Salaam. Watu hao walikuwa Washangaan, lakini huku waliitwa Wazulu na jina hilo likawaganda. Mkubwa wao alikuwa chifu aliyeitwa Mohosh, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Affande Plantan. Katika msafara huo wa mwaka 1889 ndimo alimokuwemo Sykes Mbuwane.

Kwa hiyo babu wa ukoo huu aliingia nchini kwetu akiwa askari wa mkoloni. Hatuna sababu ya kulipamba jambo hilo, na hata wenyewe katika ukoo hawakulificha. Alikuja kuwapiga watu waliokuwa wanatetea nchi yao. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Wengine kwenye kikao waliguna hapo, wakasema si ndiyo haya tunayosema, mtu wa kuja! Mwalimu akawaambia wavumilie. Kisha akatukumbusha jambo ambalo wazee wetu walikuwa wanalisimulia lakini sisi tulikuwa tumelisahau: kwamba huku kwetu, juu kule Makonde, Machemba wa Luagala aliwapinga Wajerumani hao hao miaka mingi, na mwaka 1899 mambo yalipomzidi alivuka Ruvuma akaenda kukaa upande wa Wareno. Mto huu watu wameuvuka kwenda na kurudi. Anayeitwa mgeni upande huu, ukichimba unakuta bibi yake alitoka huku huku.

Turudi kwa Sykes Mbuwane. Baada ya vita vya pwani Wajerumani waliwapeleka askari wao bara kupigana na Mkwawa na Wahehe wake. Vita vile si mchezo. Mwaka 1891 Wahehe waliwaangamiza Wajerumani pale Lugalo, na ngome ya Kalenga haikuvunjwa mpaka Oktoba 1894. Sykes Mbuwane hakurudi pwani. Alikufa maji katika Mto Ruaha, wakitoka huko vitani. Nyuma alimwacha mtoto mdogo wa kiume aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, ambaye ndiye Kleist.

Hebu fikirini, akina mama. Mtoto yatima, baba yake ni mgeni kutoka nchi ya mbali, hana mjomba wala baba mdogo wa damu hapa pwani, na baba mwenyewe amekufa katika vita ambavyo wenyeji hawamshukuru mtu kwavyo. Mtoto wa namna hiyo huku kwetu tungesema ataokota makombo. Aliyemchukua ni yule mkubwa wa Wazulu, Affande Plantan. Alimlea Dar es Salaam pamoja na watoto wake mwenyewe, ambao miongoni mwao ni Schneider na Thomas. Ndiyo maana miaka yake ya mwanzo mtoto huyu aliitwa Kleist Plantan, kwa jina la mlezi. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, alilirudisha jina la baba yake akawa Kleist Sykes. Majina haya ya Kleist na Schneider ni ya Kijerumani, na mtu akicheka akumbuke kwamba hata hapa Mpapura tunao akina Fernando na akina Joaquina na hatuwacheki.

Kleist alisoma shule ya Wajerumani. Alijifunza Kijerumani kwa ufasaha, akajifunza na kupiga taipu. Wakati ule Mwafrika wa kupiga taipu ukimtafuta kwa tochi humpati. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshini upande wa Wajerumani, chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, yeye na ndugu yake wa kulelewa Schneider. Vita hivyo wazee wetu wa Kusini waliviona kwa macho. Oktoba 1917 palichinjana Mahiwa, kule Lindi, na mwezi uliofuata Wajerumani walivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Chakula kilichukuliwa majumbani, wanaume walibebeshwa mizigo, na njaa iliyofuata mabibi zetu walikuwa wakiitaja wanapotufundisha kuchimba ming'oko. Sisi tulidhani ni hadithi za kututisha watoto, kumbe ni historia.

Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaja. Watu waliosoma Kijerumani wengi walibaki na elimu isiyo na kazi. Kleist hakukaa kulia. Alijifunza Kiingereza, akaajiriwa, akafanya kazi ya ukarani katika Shirika la Reli la Tanganyika. Akaoa. Mkewe aliitwa Bi. Mluguru binti Mussa, na tunalitaja jina lake kwa herufi zilizokamilika kwa sababu katika habari za wakubwa majina ya wake huwa yanapita upesi. Bi. Mluguru alizaa wana watatu ambao kila anayesoma historia ya nchi hii atakutana nao: Abdulwahid mwaka 1924, Ally mwaka 1926 na Abbas mwaka 1929.

Mwaka huo wa 1924 alipozaliwa Abdulwahid, alifika Dar es Salaam Dk. James Aggrey, Mwafrika msomi kutoka nchi ambayo sasa ni Ghana. Alikuja na tume ya Wamarekani iliyokuwa inazunguka Afrika kuangalia elimu ya Waafrika. Kleist alikutana naye. Kutokana na mazungumzo yale alipata wazo kwamba Waafrika wa Tanganyika wawe na chama chao, kisichouliza dini wala kabila. Wazo hilo halikuwa chama kesho yake. Lilichukua miaka mitano! Mwaka 1929 ndipo African Association ilipoundwa Dar es Salaam, Rais wake Cecil Matola na Katibu wake Kleist Sykes. Pamoja nao walikuwepo Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamis, Zibe Kidasi, Ali Said Mpima, Suleiman Majisu, Raikes Kusi na Rawson Watts. Wanaotucheka kwamba sisi tulizungumza miaka miwili kabla ya kununua kisanduku, waisome habari hii.

Hapa kuna jambo la kwetu. Matola ni jina la Kusini. Cecil Matola alikuwa Myao, mwalimu, Mkristo. Na nyie mnajua kwamba Matola ndilo jina walilokuwa nalo watawala wa Wayao kule Newala. Basi chama cha kwanza cha Waafrika wa nchi hii mkubwa wake alikuwa mwalimu Myao Mkristo, na aliyeshika kalamu alikuwa mtoto Mwislamu wa askari Mzulu kutoka Inhambane. Mwalimu alipofika hapo alinyamaza kidogo, akatutazama mmoja mmoja. Yule mama aliyekuwa ameguna mwanzoni aliinama akawa anachora chini na kijiti.

Tueleze na jengo, maana hilo lilitugusa kuliko yote. Chama kilipata kiwanja mtaa uliokuwa unaitwa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Wanachama walichanga na kujitolea kwa mikono yao, mpaka ofisi ikasimama, ikafunguliwa mwaka 1933. Hapakuwa na mfadhili wa kuwaletea saruji. Mahali hapo hapo ndipo miaka 21 baadaye TANU ilipozaliwa, na leo ni ofisi ya CCM Lumumba. Sisi tuliojenga kibanda chetu cha mikutano kwa kufyatua tofali baada ya msimu wa korosho tunajua kazi hiyo ilivyo. Kuna anayeleta maji, kuna anayeleta maneno. Tunaamini na New Street walikuwepo wa namna zote mbili.

Mwaka huo huo wa 1933 Kleist na wenzake waliunda Al-Jamiatul Islamiyya, chama cha Waislamu, na yeye akawa Katibu. Kazi yao kubwa ilikuwa ni shule, watoto wa Kiislamu wasome elimu ya dini na elimu ya dunia mahali pamoja. Humo ndimo alimokutana na maneno yale yale ya kisimani kwetu. Miaka ya 1930 Waislamu wa Dar es Salaam waligawanyika: wako waliojiita wenye mji, Wazaramo na Washomvi na watu wengine wa pwani, na wako walioitwa watu wa kuja, Wamanyema, Wanubi, Wazulu na wengineo. Waligombania uongozi, waligombania nani asimame mbele. Kleist alikuwa amezaliwa Pangani, amekulia Dar es Salaam, amepigana vita, ameshika kalamu ya vyama viwili, na bado alihesabiwa mtu wa kuja. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Ugomvi ule ulidhoofisha chama na watu wengi waliumia mioyo. Tunaisema habari hii bila kuchekelea. Wenye mji nao walikuwa na machungu yao, ardhi yao ilikuwa imechukuliwa na Wajerumani, kisha na Waingereza, na kila siku wanashuka watu wapya kwenye treni. Mtu akibanwa huyo aliyembana hamfikii, anamfikia jirani.

Kleist hakuacha. Mwaka 1942 aliacha kazi ya Reli akafanya biashara zake mwenyewe, akafanikiwa, akawa na nyumba mjini. Alikaa Mtaa wa Kipata. Wanawe wawili wakubwa, Abdulwahid na Ally, walikwenda vita vya pili na jeshi la Waingereza, KAR, wakafika mpaka Burma. Angalieni mfululizo huo: babu askari wa Wajerumani, baba askari wa Wajerumani, wajukuu askari wa Waingereza, na wote vita si vyao. Waliporudi, hao vijana hawakutaka tena kubeba bunduki ya mtu. Abdulwahid alikuwa Katibu wa chama cha makuli wa bandarini baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1947.

Mzee Kleist alifariki mwaka 1949, akiwa na miaka 55 hivi. Mwaka huo huo Dar es Salaam ilifanywa manispaa ikaanza kuwa na Meya. Mwafrika hakuwa na nafasi kwenye kiti hicho. Alisubiri mpaka mwaka 1960 alipochaguliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi. Mzee Kleist hakuliona hilo, achilia mbali kuona kwamba jina lake mwenyewe litakuja kuandikwa kwenye mlango wa Meya.

Kuhusu wanawe tutapita haraka, kwa kuwa habari zao ni ndefu na zinahitaji kijitabu chake. African Association mwaka 1948 ilikuwa imekuwa TAA. Mwaka 1950 Dk. Vedasto Kyaruzi alikuwa Rais wake na Abdulwahid Katibu. Mwaka 1953 Abdulwahid aligombea urais wa TAA na Mwalimu Julius Nyerere, akashindwa. Hakununa. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipoundwa, katika wale waasisi 17 walikuwemo Abdulwahid na mdogo wake Ally. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid. Abdulwahid alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo, na soko ni mahali pazuri pa kuuza kadi za chama, hilo muuza ndizi yeyote atawaambia. Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 alikaribishwa na familia yake nyumbani kwa Abdulwahid. Mwenye nyumba wa kike alikuwa Bi. Mwamvua binti Mashu, ambaye watu walimwita Mama Daisy. Vitabu vinasema Abdulwahid alimkaribisha Nyerere. Sisi tunaojua kupika tunajua nani alimkaribisha.

Na akina mama tusikilize hapa. Mwaka huo wa 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza TANU ina sehemu ya wanawake? Haikuwepo. Wanaume wakaanza kuhangaika. Mmoja wa waliohusika kumleta Bibi Titi Mohamed mbele ya watu ni mzee Schneider Plantan, yule yule aliyelelewa nyumba moja na Kleist, mtoto wa chifu wa Wazulu. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma za akina mama, hakuwa na elimu kubwa kama sisi tusivyokuwa nayo, na alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na lelemama kuwaita wenzake mpaka wanawake wakajaa katika TANU. Vile vikundi vya lelemama vilikuwa na viongozi wao, michango yao na sare zao, kama sisi tu.

Abdulwahid alifariki Oktoba 1968, hajafika miaka 44. Abbas alikuwa balozi wa nchi yetu. Ally aliishi mpaka mwaka 2013. Ule Mtaa wa Kipata alipokaa mzee wao sasa unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Wawili wetu walipokwenda Kariakoo kununua vitenge vya sare ya sherehe hii walikwenda makusudi kuutafuta. Waliukuta, una kibao chake, una maduka na makelele. Waliwauliza vijana watatu wa pale Kleist Sykes ni nani. Mmoja alisema Mzungu wa zamani. Wawili hawakujibu, walitaka kujua kama tunanunua.

Sasa mtauliza, habari zote hizi za mto Ruaha na Inhambane zilipatikanaje, na mzee amekufa zamani? Jibu lake ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu. Kabla hajafa, mzee Kleist alikaa chini akaandika habari za maisha yake mwenyewe: baba yake alitoka wapi, nani alimlea, chama kiliundwa vipi. Alikuwa karani na karani hapotezi karatasi. Maandishi yale alibaki nayo mwanawe Abdulwahid. Mwaka 1968 mjukuu, binti wa Abdulwahid, Aisha, ambaye ni yule Daisy wa Mama Daisy, alikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akayatumia maandishi ya babu yake kuandika maisha yake, na yakatoka mwaka 1973 katika kitabu cha Kiingereza cha maisha ya Watanzania kilichohaririwa na Mwingereza John Iliffe. Waliosoma wakubwa walikuwa hawajaanza kuyaandika, binti ndiye aliyeyaandika. Baba yake alifariki mwaka ule ule. Angechelewa kuuliza, hata hayo ya kumsimulia yangepungua.

Sisi tulipofika hapo tulitazamana, kwa sababu daftari letu la kwanza limeliwa na mchwa. Wanachama mnalikumbuka, lenye jalada jekundu, lilikuwa limewekwa juu ya kabati la udongo nyumbani kwa mwenyekiti, na lawama hiyo ni ya mwenyekiti peke yake, yaani anayeandika haya. Humo ndimo yalimokuwa majina ya walioanza, nani alitoa hisa ngapi siku ya kwanza. Leo tunabishana. Wako wanaosema tulikuwa 12, wako wanaosema 15, na wako ambao siku ile walikuwa Mtwara mjini na sasa wanasema walikuwepo. Mwanzo wa kikundi chetu chenye miaka 10 haujulikani vizuri kama unavyojulikana mwanzo wa mzee aliyezaliwa mwaka 1894.

Kikao cha tatu kiliisha usiku. Barua ya kujiuzulu tulimrudishia mwenyewe, hatukuisoma. Mama aliyekuwa anaguna alisimama akasema bibi yake mzaa mama alizaliwa Mueda, kitu ambacho katika miaka 10 hajawahi kukitaja. Wakafuata wengine wanne. Mmoja babu yake alikuja na mizigo ya wakati wa vita vya Wajerumani, mmoja kwao ni Masasi na kabla ya hapo Unyasa, mmoja mama yake alizaliwa kambi ya wakimbizi. Wenye asili ya Mpapura toka mababu wa mababu tulipowahesabu walikuwa wachache kuliko tulivyodhani, na hata hao walishauriana kwanza kabla ya kujibu. Si kwamba sasa tunapendana wote. Kuna wawili ambao bado hawasalimiani na mweka hazina vizuri, na wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Tulichokubaliana ni hiki. Katibu amenunua daftari jipya gumu, linakaa ndani ya debe lenye mfuniko, ndani ya kisanduku, pamoja na hisa. Kila mwanachama ana ukurasa wake. Anaandika jina lake, la mama yake, la bibi zake wote wawili, walizaliwa wapi, na kama walihama walihama mwaka gani au wakati wa jambo gani. Asiyejua kuandika anaandikiwa na mtoto wake anayesoma, siyo na jirani. Walioandika hadi kijitabu hiki kinakwenda kupigwa chapa ni 19 kati ya 31. Wa kwanza kuandika ni mweka hazina. Waliobaki wajitahidi kabla ya msimu wa korosho, kwa sababu ukishaanza hatupatikani, na mabibi watatu kati ya wale tunaotakiwa kuwauliza macho hayaoni tena na mmoja amelazwa.